Kikapu cha Wali cha Mama Prani

Bertrams, Johannesburg
11 Juni 2023

Kaka Théodore,

Hujambo huko Kalemie? Wifi yangu Jeanne hajambo, watoto wanakua? Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu imetushika hasa, na nyumba imekuwa kubwa mno kwa watu wawili, mimi na binti yangu Chloé.

Mama ametutoka. Najua unajua, maana Murielle alikupigia simu, ukamwambia "Mungu anajua," ukakata. Basi naandika, na huyohuyo Murielle atakuletea akija kuuza nywele zake za bandia huko. Barua huwezi kuikata.

Tulimchoma Ijumaa, kwa desturi ya kwao Thailand. Walikuja Wathai watatu wanaopika mgahawani Edenvale, Wakongo wachache wa kanisani, na mzee wa spaza, kile kiduka cha kona, ambaye Mama alimshonea suruali miaka yote. Kwao Mama, mtoto wa kiume hunyoa kichwa na nyusi, akatangulia mbele ya jeneza ameshika uzi mweupe, na mama yake anamfuata mpaka huko anakokwenda. Tulikusubiri, Kaka. Nilikuwa nautazama mlango kama mjinga. Mwishowe Chloé akasema kwa Kiingereza chake kwamba atafanya yeye, akaushika uzi. Mtoto wa miaka kumi na miwili! Yule Mthai mkubwa kuliko wote alitaka kumzuia, akamtazama, akampisha.

Majivu ninayo hapa chumbani. Alipokuwa bado na nguvu alisema: "Msinitie kwenye udongo, nitieni kwenye maji. Théodore anitie." Sasa Joburg hii ina maji gani? Wewe una ziwa zima mlangoni. Na mimi unajua siwezi kuvuka mpaka na karatasi yangu ya ukimbizi. Nikitoka, kurudi hakuna. Nijibu, tafadhali.

Mdogo wako,
Victoire


Kalemie
30 Julai 2023

Mdogo wangu Victoire,

Bwana asifiwe. Jeanne alilala na malaria lakini ameinuka, watoto wanacheza. Mbusu Chloé kwa ajili yangu.

Nimelia, usidhani sikulia. Lakini mimi ni shemasi hapa, watu wananitazama. Mama alibatizwa kanisani kule Rosettenville, nami nilikuwepo, mtoto mdogo nimemshikia taulo. Tuliporudi nyumbani, nywele hazijakauka, akaenda moja kwa moja uani, kwenye kile kijumba chake cha mbao ukutani, kumwekea "mwenye kiwanja" soda nyekundu na mrija! Mzimu gani huyo anakunywa soda kwa mrija? Nilipokua nilimwomba akitoe. Akaniambia, "Mwanangu, tumepanga kwa watu. Kumsalimia mwenyewe ni adabu tu." Akachagua kijumba, mimi nikaondoka.

Mzike kwenye kaburi la mumewe, Papa wetu, hukohuko, uweke msalaba. Usinitumie majivu. Ndugu za Papa wakisikia nimepokea mtu kwenye mfuko, watasema nini? Nakuomba, usinijaribu.

Kaka yako,
Théodore


Bertrams
2 Oktoba 2023

Kaka,

Mpe wifi pole ya malaria. Sisi tupo. Chloé ana kikohozi, mimi nina hasira, lakini tupo.

Hakuchagua kijumba. Unajua asubuhi alikuwa akimwomba nini yule mwenye kiwanja? Nilimuuliza. Akasema, "Namwomba amwangalie kaka yako njiani." Kila siku, hata baada ya wewe kuondoka na kutupa kisogo, bado ulikuwa njiani.

Umesahau huyu Prani, mama yetu, ni nani? Aliletwa hapa kushona kiwandani, kiwanda kikafungwa, wenzake wakapanda ndege wakarudi kwao. Yeye akabaki kwa ajili ya fundi mmoja Mkongo, yaani Papa; hawakuwa na neno hata moja la kuambiana, ila kuonyeshana mshono. Kiswahili cha Papa alikijua kabla ya Kiingereza. Unakumbuka soko la Yeoville? Wale mama walivyoshika viuno kumsikiliza akipatana nao bei ya sombe, yale majani ya muhogo? "Eish, huyu Mchina anatugombeza kwa Kiswahili chetu!" Naye anajibu bila kucheka, "Mchina nani? Mimi mtu wa Kalemie." Kalemie ambayo hakuiona hata siku moja, Kaka! Alikuwa akiitaja tu, kwa kuwa ndiko kwa mumewe.

Miezi ya mwisho Kiswahili kilimtoka. Kiingereza pia. Kikabaki Kithai peke yake, na sisi hakutufundisha, alisema kitatufaa nini huku. Tulikaa naye kitandani, mimi na Chloé, tunaitikia "ndiyo, Mama," hatujui tunakubali nini. Sijawahi kuwa mpweke namna ile na mtu nimemshika mkono.

Sasa sikiliza. Majivu nimeyatuma. Yamo katika kile kikapu chake cha mianzi chenye kifuniko, alichokuwa akitutilia wali wa kunata twende nao shule. Murielle alikimbilia basi kabla sijamaliza kuandika, kwa hiyo barua hii nampa Salum, anayesafiri baadaye. Usikifungue mbele ya watoto. Ukitaka kunichukia, nichukie, lakini umtie kwenye maji.

Victoire, mdogo wako huyohuyo


Kalemie
19 Desemba 2023

Victoire, mdogo wangu,

Kikohozi cha Chloé kimepona? Sisi tuko salama. Nakuandikia pole pole.

Barua yako Salum ameileta jana. Kikapu kilitangulia zamani. Murielle, mwoga yule, alikiweka mlangoni akasema, "Kimetoka kwa mama yako," huyo akaenda zake. Nikadhani umenitumia ukumbusho. Jeanne akakipanga kabatini pamoja na sahani, nami nikawa nakipita kila siku nikienda kunywa chai.

Jumapili moja tumetoka kanisani tuna njaa, nikakishusha mezani. Nilitaka kuwanusisha watoto harufu ya ule wali, maana ile harufu haitoki, unajua. Nikawa nawasimulia jinsi bibi yao alivyokuwa akitufungia chakula, huku nafungua kifuniko. Nikaona kitambaa cheupe na uzi. Mdogo wao akauliza, "Bibi ametuletea nini?" Nilikifunika upesi, Victoire. Nililia mezani pale kama mtoto.

Kesho yake nikanyoa. Kichwa hakikumshangaza mtu, hapa aliyefiwa hunyoa. Nyusi ndizo zilizoleta maneno. Wazee wa kanisa wakaniuliza ni ugonjwa gani. Nikawaambia, nimefiwa na mama. "Na nyusi?" Nikasema, mama yangu alikuwa Mthai. Wameniambia nikae viti vya nyuma kwanza. Nimekaa.

Niliingia ziwani alfajiri mpaka maji yakanifika kifuani. Maneno ya kwao siyajui, na ya kanisa sikuyasema. Nikasema tu, "Mama, Kalemie ndiyo hii," nikamwachia.

Najua nimechelewa kunyoa, moto wa kumchoma ulikuwa umekwisha kitambo. Niambie jambo moja. Mwishoni alinitaja? Kama alinikasirikia, niambie vilevile.

Kaka yako,
Théodore


Bertrams
20 Januari 2024

Kaka yangu,

Natumaini nyusi zimeanza kuota. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaisoma tena barua yako.

Chloé ameanza sekondari ya bweni Pretoria. Chumba chake kiko wazi, sifungi mlango. Kiswahili siku hizi nazungumza na mwenye kiwanja tu, nikimpelekea soda yake asubuhi. Usiniseme. Sina mwingine wa kumwamkia.

Umeuliza, nakujibu. Hatukuelewa neno lake hata moja. Lakini jina lako halina Kithai, Kaka. Tulilisikia kila siku, katikati ya maneno yale mengine yote, hasa asubuhi. Alikuwa akilitaja kwa sauti ileile aliyokuwa akituitia chakula.

Kikapu usikirudishe. Watilie watoto wali waende nao shule.

Mdogo wako,
Victoire