Picha Yenye Rasta

Mdogo wangu Adelina,

Mmeamkaje hapo nyumbani? Jua unaloliona kwenye kadi hii ni la kwenye picha tu. Hapa Mwanza mvua haijakatika tangu nishuke melini, na ziwa limekuwa la kijivu hata mawe yake siyaoni. Mchana niliagiza samaki, sato, nikala mkia tu.

Leo nimekwenda kituo cha mtihani kuhakiki jina, maana kesho nafanya mtihani wa kuhuisha cheti changu cha mitandao ya kompyuta. Msimamizi akatazama kitambulisho, akanitazama mimi. Kwenye kitambulisho nina rasta hadi mabegani.

"Dada, toa kitambaa nywele zionekane."

"Hazipo. Tumemzika mama, tukanyoa wote siku ya kuanua matanga."

"Pole sana. Lakini kitoe tu, lazima nikupige picha mpya."

Nikakitoa mbele ya watu sita waliokuwa kwenye foleni. Sikulia. Sasa niko chumbani na maswali ya mazoezi, nimesoma swali moja mara nne na bado sijui linauliza nini.

Mpe Baba shikamoo yangu, na umhimize ale. Cheti changu cha zamani kinaisha muda Ijumaa, na nikifaulu kitakuja kipya. Lakini hicho cha zamani kilichoko sebuleni usikiondoe ukutani. Msumari ule aliupigilia Mama.

Nawakumbuka sana,
Dada yako Koku