Mwenzangu Aliyezikwa Bado Anapima Miti

Kwako Shangazi Rachael,

Nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu, tafadhali unisome mpaka mwisho kabla hujasema nimerogwa. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nina shahada ya elimu ya mimea, naishi Shieywe, na tangu Januari mwaka huu wa 1997 nafanya utafiti katika msitu upande wa Isecheno, ambako kazi yangu ni kupima unene wa miti mia nne yenye vibati vya namba, na mimi ndiye mwanamke pekee katika mradi, kwa sababu yule aliyenitangulia, Rosebella, alisombwa na mto Yala mwaka wa 1991 na maiti yake haikuonekana, hata watu wa kwao Lugari wakazika mgomba badala yake, kama desturi yetu ilivyo.

Mwezi wa Machi, saa nne asubuhi, jua limewaka huko juu lakini chini ya miti kuna giza la kijani, nilikuwa peke yangu nikitafuta mti namba tisini na moja, nikasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa, ikisema polepole, "Tisini na moja. Mia mbili na kumi na nne." Nikaita. Nikachungulia nyuma ya shina, sikuona mtu. Nikauzungushia mti tepu, nikasoma sentimita mia mbili na kumi na nne.

Iliendelea hivyo wiki tatu, mimi nafika kwenye mti, sauti inanitangulia, na haikukosea hata mara moja. Nikamwambia mlinzi wa msitu, Mzee Makhanu, akavua kofia akasema, "Huyo ni Rosebella. Mwache afanye kazi yake, binti yangu, ila usimwitikie." Nikamwambia mkuu wa mradi, Daktari Sylvanus, akacheka: "Ndiyo maana nasema msitu si mahali pa wanawake. Mmoja alikufa, wa pili anasikia mizimu." Lakini Shangazi, alikuwa akicheka huku chai ya kikombe chake ikimwagikia karatasi zake, wala hakuiona.

Basi siku moja nikawahi, saa moja asubuhi nikajibanza nyuma ya mti mkubwa wa mutere, nikamwona. Mwanamke mwembamba, hana viatu, nywele zina mvi na uso bado wa kijana, ameshika tepu kuukuu iliyounganishwa kwa uzi. Nikamwita kwa jina. Alishtuka kuliko mimi.

"Umenionaje?" akauliza. "Hawa wengine wananipitanga tu."

Akanieleza kwamba mto ulimtupa upande wa Nandi, mama mmoja anayeitwa Jepkemboi akamuuguza homa karibu miezi miwili, na aliporudi kwao alisimama kwenye mahindi akaona kaburi lake mwenyewe, akageuka, akaenda ofisini kwetu, akakuta ukutani makala yenye vipimo vyake vya miaka minne, na jina lililoandikwa ni la Daktari peke yake. Tangu siku hiyo anaishi kwa Jepkemboi na kila asubuhi anaingia msituni.

"Nikiwa hai," aliniambia, "kila siku niliambiwa mwanamke hawezi kazi ya msitu. Nilipokufa, hakuna tena aliyenizuia."

Kisha akanipa madaftari sita, miaka sita, hakuna wiki iliyorukwa, akaniomba nisimwambie mtu yeyote kwamba yu hai, kwa hiyo barua hii usiichapishe gazetini.

Sasa Daktari anataka vipimo vyangu kabla mwezi haujaisha, na amenieleza wazi kwamba jina langu litawekwa nyuma, kwenye shukrani. Mchumba wangu Lusweti naye anataka niache kazi, kwa sababu Jumapili iliyopita, katikati ya sala, alinisikia nikinong'ona namba, Shangazi, na mimi sikujua kama midomo yangu inacheza. Nikisema, nitakuwa nimemsaliti marehemu. Nikinyamaza, nahisi nimeanza kuwa yeye. Nifanye nini?

N., Shieywe

Binti yangu N.,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilifungua mlango kwanza nisikie watu wakipita nje. Pole sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umezungumza naye, umepokea madaftari kutoka mikononi mwake, mbona bado unamwita marehemu? Huyo ni mtu. Alizikwa mara mbili: jamaa zake walimzika kwa huzuni, wakakosea, Daktari alilifuta jina lake, naye alijua anachofanya. Na wewe unataka kuniuliza kama ulale chini ufukiwe wa tatu?

Daktari asipate hata namba moja kwanza. Nakili madaftari yote pamoja na vipimo vyako, nakala mbili, moja uiache kwa mtu unayemwamini nje ya mradi. Kisha mrudie Rosebella. Siri ni yake, kwa hiyo usiitoe bila yeye, lakini mwambie wazi kwamba umechoka kuibeba. Akikubali, mwandikieni mkuu wa idara chuoni, majina yenu mawili yakiwa juu, na barua muitume kwa rejista. Asipokubali, andika kwa jina lako na vipimo vyako tu. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.

Hizo namba unazonong'ona ni uchovu. Pumzika wiki mbili, mwone daktari wa hospitali, na usiingie tena msituni peke yako. Lusweti akikuhurumia kweli, na aje akushikie tepu.

Jambo moja limenikera. Katika barua ndefu hivyo hukutaja mama yake Rosebella hata mara moja. Muulize kama yu hai. Kama yupo, msimpeleke ghafla, mtamuua kwa mshtuko. Tangulia wewe na mchungaji wao, mketi naye, mmweleze polepole mpaka aulize mwenyewe, "Yuko wapi?" Hapo nyamazeni, Rosebella apige hodi.