Baridi ya Biano

Jumapili, 6 Julai

Nimefunga samaki wakavu wa Kinkondja ndani ya magazeti, tabaka juu ya tabaka, na bado nyumba nzima inanuka. Bukari, ugali wetu wa njia, nitasonga alfajiri. Nkambo, mama mkwe wangu, ameficha viatu vyake tena. Nimevikuta ndani ya sufuria kubwa, kifuniko juu. Nimevifuta, nikavirudisha mlangoni.

Mume wangu Ilunga amelala chini ya jeep tangu tutoke kanisani. Anasema iko tayari. Anasema pia mama yake atapata nafuu akimwona mdogo wake. Hilo la pili siliamini. Akili ya Nkambo inaondoka, siku nyingine nusu, siku nyingine yote. Lakini Mama Mbuyu, huyo mdogo wake, ni mgonjwa kule Likasi na ametuma neno: Numbi aje kabla sijakwenda. Numbi ndilo jina la Nkambo. Hawajaonana tangu vita. Basi tunakwenda.

Binti yetu Nadège hataki. Miaka kumi na sita, hataki kitu chochote isipokuwa simu yake.

Jumatatu, 7 Julai

Tumetoka Kamina na ukungu. Vidole vimekufa ganzi. Njia ya Kabondo-Dianda ni mashimo na vumbi tu, na vumbi limeingia hadi kwenye chai. Nkambo amekaa nyuma na Nadège, amevaa koti la zamani la Ilunga juu ya vikwembe viwili vya kujifunga, kitambaa cha buluu kichwani. Kila kijiji anauliza kama tumefika. Nadège alijibu vizuri mwanzoni. Baadaye akaacha kujibu.

Tumelala Kabondo-Dianda, kwa mwalimu tuliyesoma naye. Nyumba nzuri. Mgongo unaniuma.

Jumanne, 8 Julai

Daraja la Bukama. Lualaba chini yetu, pana, kimya, na moshi wa baridi juu ya maji. Nkambo alitazama maji mpaka tukavuka. Kisha akasema kwa Kiluba kwamba mto umezeeka. Ilunga alicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiri amesema kweli.

Luena jioni. Vumbi la makaa ya mawe liko hata kwenye ukuta wa nyumba za zamani. Watu wanatuambia kesho, juu ya uwanda wa Biano, tufunge vioo: kule wakati huu baridi inauma kama mbwa. Ilunga anasema watu wa Luena wanapenda kutisha wageni.

Jumatano, 9 Julai

Ninaandika nikiwa nimekaa kando ya njia. Resori ya nyuma, chuma kinachobeba gari, imekatika.

Tulikuwa tumemaliza kupanda. Miti ikaisha, ghafla, na mbele yetu nyasi tu. Sijawahi kuona nchi wazi namna hii. Kamina tuna mbuga, lakini mbuga yetu ina mwisho. Hii haina. Mbingu inagusa chini pande zote, na mtu akisimama ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Nilijisikia mdogo, na ilikuwa vizuri. Ndipo sauti ikatoka nyuma, kama bunduki, na jeep ikakaa upande mmoja.

Ilunga hakutukana. Hiyo ndiyo alama mbaya. Simu hazishiki. Mchana kamyo ya makala, lori la mkaa, ikapita ikielekea Luena, Ilunga akapanda juu ya mifuko. Nkambo asingeweza kupanda kule juu, na mizigo haiachwi. Alisema atarudi leo na chuma kingine. Alimshika mama yake mkono kabla ya kuondoka. Nkambo alimwita kwa jina la baba yake.

Jua linashuka. Upepo unaanza. Nitakwenda kuokota kuni; Nadège atabaki na Nkambo. Hakuna miti, ni vichaka vichache tu kule bondeni.

Jumatano, jioni

Nkambo hayuko.

Nilikuwa nimemwambia Nadège abaki naye. Kisha nikapata gogo zito nikamwita aje tusaidiane. Mimi ndiye niliyemwita. Tuliporudi mlango wa jeep ulikuwa wazi, na bulangeti moja limechukuliwa.

Alhamisi, 10 Julai

Nitaandika yote polepole.

Jana tulimtafuta mpaka giza. Tuliita kushoto, tukaita kulia. Nyasi haziachi alama. Nadège alimulika kwa simu mpaka chaji, moto wa simu, ukaanza kufa. Alikuwa analia na anakimbia, na kila mara alikuwa anakwenda mbali zaidi nami. Nyuma yetu moto wetu kando ya jeep ulikuwa umekuwa kama kijiti cha kiberiti. Nikaona jambo kwa wazi kabisa: tukiendelea, nitapoteza wawili. Nikamshika mkono nikamvuta. Alinipiga. Alisema, "Mama, unamwacha Nkambo afe!" Nikamvuta tu.

Nilimchagua mtoto. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulikaa ndani ya jeep, tumejifunika vyote tulivyokuwa navyo, na bado meno yalikuwa yanagongana. Niliacha moto ukiwaka ili auone. Nilipiga honi mpaka nikaogopa kuimaliza betri. Juu, nyota zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilizikasirikia. Uzuri wote ule na hakuna hata moja iliyoniambia yuko wapi.

Kulipopambazuka nilifuta kioo, nikaona nchi imekuwa nyeupe.

Nyeupe yote. Nyasi, njia, mawe, kamba juu ya mizigo yetu. Nadège alidhani ni majivu. Nilitoka, nikakanyaga, nyasi zikavunjika chini ya mguu kama vipande vya chupa. Barafu. Niliwahi kuwafundisha watoto neno hilo, nikachora picha ubaoni, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaona isipokuwa ndani ya friji. Jua lilikuwa bado halijatoka, lakini mwanga ulikuwa unatoka chini, kwenye nyasi zenyewe. Nilisimama kama mjinga. Nilijua kwamba mzee hapiti usiku wa namna hii. Nilijua kwamba tangu dakika ile ninatafuta maiti. Na bado macho yangu yalishangaa. Nilijichukia kwa sababu hiyo.

Nadège ndiye aliyeona moshi. Nyuma ya mwinuko mdogo, moshi mwembamba, mpana, umelala chini. Tukadhani ni kijiji. Tukaenda.

Haikuwa moshi. Ilikuwa pumzi.

Ng'ombe. Sijui wangapi, bonde lote. Wamelala karibu karibu, migongo yao nyeupe kwa barafu, na juu yao mvuke unapanda taratibu. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyetikisa mkia. Mbele yao alisimama mwanaume mmoja, koti refu, fimbo begani, ametupa mgongo. Aliposikia miguu yetu aligeuka akainua mkono.

"Musimame. Mama, usilie. Usiite muntu."

Akaonyesha kwa kidevu.

Katikati ya ng'ombe, kitambaa cha buluu.

Nkambo alikuwa amekaa, mgongo umeegemea tumbo la ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika. Ng'ombe mwingine amelala mbele ya miguu yake. Bulangeti lilikuwa jeupe kwa nje. Kichwa kimeinama. Sikuweza kuona kama anapumua, kwa maana pumzi zilikuwa nyingi pale, zote zimechanganyika.

Nadège aliruka. Yule mwanaume alimshika bega. Anaitwa Baba Kaumba, ni mchungaji wa shamba la mifugo la pale.

"Mutoto, ngoja. Ukikimbia, bataamuka byote mara moja. Batamukanyaga. Miye niko hapa tangu kweupe, ninaogopa hata kukohoa."

"Iko muzima?" nilimwuliza.

"Sijue, mama. Ngoja jua. Jua ikifika, bako banaamuka yabo yenyewe, moja moja."

Tulingoja. Katika maisha yangu nimengoja mengi: mitihani, watoto, mwisho wa vita. Sijawahi kungoja namna ile. Jua lilitokeza, likagusa mwinuko, likateremka bondeni kama mtu anayefunua shuka. Lilipofika kwenye ng'ombe wa kwanza, aliinuka. Matako kwanza, kisha magoti. Barafu ikamwagika mgongoni ikang'aa. Kisha wa pili. Kisha kumi. Kila aliyeinuka alisimama kidogo, akanyoosha shingo, akaondoka. Dume moja kijana lilikuja moja kwa moja kwa Nkambo. Nadège aliniuma bega ili asipige kelele. Alama iko mpaka sasa. Dume likanusa bulangeti. Likainua mguu, polepole, likauvusha juu ya miguu ya mzee. Kisha mguu mwingine. Likaenda zake.

Wa mbele yake akaondoka. Akabaki yule mwekundu peke yake.

Baba Kaumba alipiga mluzi mdogo sana, akaenda mbele hatua kwa hatua, nasi nyuma yake. Ng'ombe mwekundu alitutazama. Hakuinuka. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono chini ya bulangeti nikitegemea ubaridi.

Alikuwa na joto. Joto kama mkate.

Nkambo alifungua macho, akanitazama kwa hasira kidogo, kama mtu aliyeamshwa na wageni.

"Mufunge mulango," alisema. "Mupepe iko naingia."

Kisha akatazama nchi nyeupe kama unga mbele yake, mbali, mpaka mwisho wake.

"Na nani alimwanga bunga yote hii?"

Nadège alicheka huku analia, akamkumbatia yeye na ng'ombe pamoja. Nilibaki nimepiga magoti, mkono wangu ubavuni mwa mnyama, nikisikia moyo wake unapiga, mkubwa, bila haraka. Nilitafuta sala. Hakuna iliyokuja. Nilikaa tu.

Baba Kaumba alivua kofia. Tangu utoto, alisema, anachunga juu ya Biano, na ng'ombe yule hapendi mtu amguse, hata yeye.

Alitupa maziwa ya moto na mahali karibu na moto wake. Ilunga, aliyekosa gari la kurudi usiku, alifika mchana, na fundi na chuma. Nilimweleza. Kwanza alisema, "Mulimwacha?" Alisema mbele ya Nadège, na Nadège ndiye aliyemjibu: "Papa, kama Mama hangenivuta, tungepotea watatu." Ilunga alikwenda kwa mama yake, akanusa bulangeti, akaenda kumsaidia fundi.

Hatujazungumza vizuri hadi sasa. Namwelewa. Bado nimekasirika.

Jumamosi, 12 Julai

Likasi. Nyumba ya Mama Mbuyu ina mlango mdogo, na Nkambo alisimama pale akakataa kuingia. Aliuliza huyu mgonjwa ni nani. Njia yote ile, kwa ajili ya hili?

Mama Mbuyu alijiinua kitandani. Amekonda, amebaki macho. Hakumbembeleza. Alimgombeza.

"Weye Numbi! Umekawia! Maji ulienda kuchota wapi?"

Nkambo akamjibu palepale kwa Kiluba, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya msichana. Kwamba mtungi haukuvunjwa na yeye. Kwamba Mbuyu ndiye aliyekimbia. Wakagombana juu ya mtungi ambao hata mama yao hayupo tena wa kuukumbuka. Baadaye Nkambo akaingia, akavua viatu, akapanda kitandani kando ya mdogo wake.

Mama Mbuyu alimnusa nywele. "Unanuka ng'ombe."

"Nililala kwa bantu bazuri," Nkambo alisema.

Jumapili, 20 Julai

Nkambo amekataa kurudi nasi. Kila Ilunga anapotaja Kamina, yeye anashika upande wa kitanda. Mama Mbuyu anakula sasa, hata samaki. Binti yake anasema nafasi ipo, na mikono ipo.

Ilunga amekubali. Uani, akinipa mgongo, alisema, "Mama yangu alilindwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa Luena, natafuta chuma." Nilimwekea mkono begani. Hakuutoa.

Alhamisi, 24 Julai

Tumerudi kwa njia ileile. Nadège alikaa mbele, mimi nyuma. Simu yake ina moto wa kutosha lakini hakuifungua. Alikuwa anatazama nje.

Juu ya Biano, Ilunga alizima moteri bila mtu kumwambia. Ilikuwa alasiri. Hakuna barafu, hakuna ng'ombe. Baba Kaumba yuko mahali pengine na wanyama wake. Nyasi za kahawia na upepo, na ile mbingu.

"Munionyeshe," alisema.

Tulimpeleka nyuma ya mwinuko. Bonde lilikuwa tupu. Samadi imekauka, nyasi zimelala huku na huku, na sikuwa na hakika ya mahali penyewe. Nadège alikuwa na hakika. Alikwenda moja kwa moja, akasimama. "Hapa, Papa."

Ilunga alichutama, akaweka kiganja chini. Kisha akakaa. Mtu mzima, suruali ya safari, akakaa kwenye samadi, akanyoosha miguu, akatazama upande ambao mama yake alikuwa anatazama.

Nadège alinishika mkono. Tukarudi kwenye jeep, tukafunga milango, tukangoja. Upepo ulikuwa unasukuma nyasi zote upande mmoja. Hakuna aliyepiga honi.