Mwanangu Analeta Mfumo Mpya wa Simu, na Sauti ya Marehemu Imo Ndani

Shangazi Kandida, shikamoo. Mimi ni mama mtu mzima wa huku Mngeta, safu yako naisoma kila gazeti likifika dukani, hata lile lililokwisha kufungiwa sukari nalinyoosha nalisoma, na leo nimeona niandike mwenyewe kwa sababu mwanangu anakuja mwisho wa mwezi na mpaka sasa sijui nitamwambia nini, usingizi sina, nisaidie.

Mwanangu huyo ni Fidel, ndiye pekee niliyebaki naye, ana kibanda cha kutengeneza simu pale Ifakara, na tangu Krismasi yeye na vijana wenzake hawana habari nyingine ila mfumo mpya wa simu unaotoka mwezi huu, akinipigia ni huo tu, mama ukiwekewa mfumo mpya utaongea na simu kwa Kiswahili ikuelewe, mama chaji itakaa, mama maandishi yatakuwa makubwa hutatafuta miwani tena, na simu yangu hii, ambayo ilikuwa ya marehemu baba yake, imo kwenye zile zitakazoupata, tena anasema ni mara ya mwisho, baada ya hapo simu za aina hii haziletewi kitu, ujumbe wa jumuiya hautaingia wala picha za mjukuu wangu sitaziona. Amefurahi mno Shangazi, ni zawadi anataka kunipa kwa mkono wake. Tatizo simu imejaa. Alipoikagua Pasaka alisikiliza kidogo tu pale mwanzoni, debe limefunika sauti, akasema, "Mama, humu kuna kelele ndefu za kufukuza ndege, ndizo zimekula nafasi yote, mfumo ukitoka nakuja nazifuta hizo nauweka." Nikasema haya baba. Nilisema haya, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Zile si kelele tu, Shangazi. Ni baba yake.

Mwaka jana mpunga ulipoanza kutoa masuke ndege wa kwelea kwelea walishuka kama kawaida yao, na Silvano mume wangu alikuwa ameshaanza kuumwa kifua, akipiga kelele mara mbili anakohoa mpaka anashikilia nguzo ya dungu, ule ulingo wetu wa kulindia ndege, basi akaniambia Mama Fidel wewe sauti yako ndogo, mimi nikilala kitandani ndege watakuachia majani matupu, na asubuhi moja alipojisikia ana nguvu akapanda dunguni na simu akajirekodi akiamia ndege, haaa! huooo! tokeni! huku anagonga debe, akarekodi mpaka jua likawa kali. Tangu hapo tukawa tunaifungulia kwenye ile spika ndogo ya sola tumeitundika juu ya dungu, na yeye mwenyewe amelala kwenye mkeka chini ya kivuli, anacheka, ananiambia, "Sikia yule mzee, ana sauti kweli yule." Mavuno hayakumkuta. Mpunga tulivuna mimi na majirani, na chakula cha msiba kilitoka humo humo.

Sasa kinachonikaba ni hiki. Baba na mtoto walikuwa hawaongei. Fidel aliacha shamba akasema tope basi, baba yake akasema anayetaka kuongea na mimi aje dunguni, mtoto naye akasema anayetaka kuniona anajua kibanda kilipo, wote wawili vichwa vigumu, mimi katikati napeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma. Siku ya mazishi mvua ilikuwa imekata barabara, Fidel akafika kaburi limeshafukiwa, akasimama pale na begi mgongoni, hakulia, na mpaka leo hajalia.

Na katikati ya ile sauti, Shangazi, mbali sana, pale ambapo Fidel hakufika alipokuwa anasikiliza, Silvano anasahau. Anapiga debe, mara anaita kama alivyokuwa anaita zamani mtoto akiwa mdogo wakiamia wote, "Fidel! We Fidel! Wanashuka upande wa mfereji, kimbilia mferejini!" Halafu ananyamaza. Unasikia upepo tu. Anaita tena, "Fidel!" Ananyamaza tena. Kisha anasema taratibu, "Aah. Hayupo." Anakohoa, anaendelea na debe lake.

Hapo ndipo huwa nazima. Fidel sijamwambia. Nikimsikilizisha naona nitamvunja mwanangu, naye ana mke na mtoto mchanga, na nikinyamaza ataifuta kwa mikono yake mwenyewe akidhani anaondoa takataka. Wenzake wanasema sauti inaweza kuhamishwa, lakini jirani yangu Mabula mfumo uliopita alikubali kuuweka, simu ikabaki inazungusha kiduara mpaka kesho yake, ilipowaka haina picha ya harusi wala ya ng'ombe, tupu, na Mabula ni mtu mzima lakini niliona machozi. Nikaogopa mfumo usije ukajiingiza wenyewe bila kuulizwa. Nikatoa laini nikaiweka kwenye kisimu cha kitochi kisichopokea picha, ile simu nikaizima nikaifunga kitambaa nikaifukia ndani ya mpunga kwenye kihenge, ndimo ilimo mpaka leo. Ndugu yangu Luciana wa Lupiro alinitumia picha za mtoto wake kitandani hospitali, sikuziona, akadhani nimemsusa. Na ndege wameshakuja mwaka huu, Shangazi. Napanda dunguni peke yangu, napiga kelele kwa hii sauti yangu, wananizoea, wanakula huku wananitazama.

Nimefikiria nimwambie Fidel simu imetumbukia mferejini, yaishe. Au nimwache afute, marehemu ameshakwenda. Au nimwambie ukweli. Nifanye lipi? Majina yabadilishe tafadhali, gazeti lako linafika mpaka kibandani kwake.

Ni mimi, Mama F., Mngeta

SHANGAZI KANDIDA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana kwa Silvano, na pole kwa mwaka mzima wa kulia jikoni peke yako. Majina nimeyabadilisha, ondoa wasiwasi. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikatoka nje kidogo, ndipo nikarudi kuijibu.

Sasa kaa vizuri nikugombeze, maana nawe umezidi.

Mpunga uko shambani unaliwa, na sauti iliyorekodiwa kuulinda umeifukia kwenye kihenge! Mume wako alipanda dunguni na kifua kile ili wewe usibaki na majani matupu. Alikuachia msaada, wewe umeugeuza kaburi la pili. Tena vumbi la mpunga litakuwa limeshajaa kwenye tundu la chaji. Leo hii, ukimaliza kusoma hapa, nenda ukaitoe. Ipulize, isafishe kwa kijiti kikavu cha mti, si sindano, iweke kwenye chaji. Na Luciana mpigie leo, umwombe radhi, uulize hali ya mtoto. Hofu ya simu isikukoseshe ndugu aliye hai.

Hilo la mferejini lifute kichwani. Fidel ni fundi simu, mama. Utamwambia imezama, yeye atakwambia nipe nikaushe. Utasema imepotea, ataingia maji mpaka magotini kuitafuta, kijana aliyeapa kuachana na tope. Unataka kumwona mwanao anapapasa mferejini akitafuta kitu ambacho umekificha ndani? Na baada ya hapo utaisikilizia wapi sauti yenyewe, chini ya shuka? Uongo huo utakula wewe kabla haujamla yeye.

Kuhusu mfumo mpya, hofu yako si ya kijinga na sitakucheka. Wako waliouweka simu zikawa nyepesi wakafurahi, wako kina Mabula. Vijana siku ya kwanza hukimbilia kubonyeza kubali kama wanagombea pilau. Wewe huna haraka hiyo. Acha wenye haraka wajaribu, usikie wanalalamika nini, ndipo na wewe uingie. Kama ni mara ya mwisho kwa simu yako, basi utaukuta bado upo ukichelewa kidogo. Na kama hukuupata kabisa, mjukuu utambeba mgongoni, hutamtazama kwenye kioo.

Sauti ihamishwe kwanza. Iwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu, kadi uitoe uifiche kwenye sanduku la vitenge. Iwekwe pia kwenye simu ya Luciana, na kwenye kompyuta ya kibandani kwa Fidel kama anayo. Kila sehemu ifunguliwe, isikilizwe mpaka mwisho, msiridhike na kuona jina lake tu kwenye kioo. Mkishaisikia kote, ndipo mfumo uwekwe, chaji ikiwa imejaa, na mtu asiiguse simu mpaka imalize kuzunguka. Ikikwama ikwame, Silvano mtakuwa mmeshamtoa.

Lakini kazi hiyo ya kuhamisha hapewi fundi mwingine. Ataifanya Fidel. Na ili aifanye lazima ajue anahamisha nini.

Unaniambia utamvunja. Mama, huyo mtoto ameshavunjika. Alifika kaburi limefukiwa na begi mgongoni, hajalia mpaka leo. Unadhani huo mfumo mpya anaoshinda akiuimba kwenye simu ni wa nini? Anatafuta kitu cha kukufanyia kwa mikono yake, kwa sababu yeye hakuwahi kumfanyia baba yake. Hajui aseme nini kuhusu baba, basi anasema chaji itakaa. Wewe nawe hujui, unajibu haya baba. Mnapeana salamu ambazo hakuna aliyezituma, mmerithi mchezo ule ule. Acheni.

Akifika, mpe maji, mpe chakula, asikilizwe habari zake zote za mfumo, umsifu, maana kweli anakupenda. Jioni ndege wakianza kushuka mwambie twende shambani. Akikuambia tope, mwambie vua viatu. Pandeni dunguni wote wawili. Usimweleze mengi, utaanza kulia na hutamaliza. Mwambie tu, "Baba yako yumo humu, anakuita." Kisha fungulia spika.

Usiruke mbele. Mwache asikie debe, asikie kikohozi, asikie haaa huooo. Pale ambapo wewe huwa unazima, usizime. Najua "Aah. Hayupo" inakuuma, itamuuma na yeye pia, na hakuna njia ya kumpa jina lake bila kumpa na hilo. Ila fikiri vizuri: yule mzee mwenye kichwa kigumu, kifua kimebana, ndege wameshuka, katika watu wote duniani aliyemjia mdomoni alikuwa nani? Mwanao anaishi akiamini baba yake alikufa amemkasirikia. Ushahidi kwamba si kweli unao wewe, na umeufukia kwenye kihenge.

Huku kwetu mtoto akiitwa na mzazi anaitika, hata awe mbali, hata awe amenuna. Fidel hakuitika kwa sababu hakusikia. Baba yake ameita, akasubiri, akaita tena, na nafasi ile ya kimya bado imo kwenye simu, haijajazwa na mtu. Sasa siku hiyo, jina lake likiitwa na upepo ukisikika peke yake, utamwona mwanao midomo inacheza. Usimshike, usimbembeleze, usimwambie nyamaza mwanangu. Ndege nao waache wale watakacho jioni hiyo.

Mwache aseme naam.