Ukurasa Niliouchora Unaweza Kumpata Beverly

Bi Naomi, salamu na heshima. Naomba unishauri, maana moyo wangu haujatulia. Kazi yangu ni kuchora kurasa za kompyuta ambazo makarani wa zahanati hapa kisiwani hutumia kutafuta kumbukumbu za wagonjwa, na mwezi uliopita nilikuwa katika zahanati moja nikitazama zinavyotumika, akaletwa mama aliyeanguka kwenye kivuko cha Feri, hajiwezi, anatamka jina lake tu, Mwanakhamis, karani akaliandika hivyo, kumbe zamani kwingine aliandikwa Mwana Hamisi, lakini nilikuwa nimeuwezesha ukurasa kutambua majina yanayokaribiana, basi akatokea na picha yake, na juu kabisa, kwa maandishi mekundu niliyoyapangia nafasi mwenyewe, onyo kwamba dawa ya penisilini inamdhuru, na daktari aliyekwishashika sindano akairudisha mezani. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Sikujua kitu nilichokichora kingeweza kusimama kati ya mtu na kifo.

Nilimsimulia kaka yangu Nicanor, aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki, naye akaniuliza tu, "Kwa hiyo ukiandika Beverly, utaona anapokaa?" Beverly ni mkewe, aliyeondoka na mtoto baada ya kaka kumvunja mkono, na hatujui aliko. Kaka anasema amebadilika, anasema ni jina moja tu, na nikikataa nisimwite kaka tena. Nifanyeje?

Mumo, Buxton

Mumo, nilipofika pale daktari aliporudisha sindano niliiweka barua yako chini. Ni jambo kubwa, na pole kwa uzito uliokuangukia.

Lakini unaniuliza unachokijua. Aliyebadilika angekuuliza kama mtoto ni mzima. Yeye ameuliza anapokaa.

Usiliandike jina hilo, hata kwa kujaribu. Mwambie ana kwa ana, mchungaji wenu akiwepo: "Kaka, sitamtafuta." Akitaka kumwona mtoto, mahakama ipo. Akinuna, mwache anune. Kulelewa naye hakukupi ruhusa ya kumfichua mtu mwingine.

Kisha rudi kazini, maana hapo nakulaumu. Karani anahitaji kuona habari ya penisilini. Mtaa anaolala mgonjwa ni wa nini kwake? Ufiche. Aufungue mwenye sababu, na jina lake libaki limeandikwa kwamba aliufungua. Nawe waombe wakubwa wako wakuondolee ruhusa ya kuona wagonjwa wa kweli, uchore kwa majina ya kubuni.

Beverly, kama yumo humo, alitoa jina lake ili atibiwe. Mwache apone.