Niliyoyaona Nilipokuosha

Bi Mwanatumu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kukusemesha bila kukuamkia. Ungenikatiza papo hapo uniulize nimelelewa wapi.

Nakuandikia kwa sababu nimeitoa amana yako. Niliyoyaona siku niliyokuosha nimeyasema.

Unakumbuka ulivyonifundisha kazi? Maiti wa kwanza niliyekushikia kata ya maji alikuwa bibi mmoja wa hapa hapa Munje, nami nilimimina kwa nguvu hata maji yakanimwagikia miguuni. Ukaniambia, "Riziki, mwanangu, mkono wako usiwe mzito. Anza upande wa kulia. Na utakayoyaona nyuma ya pazia hili ni amana, usimwambie hata mumeo." Miaka yote niliyoosha nawe sikusema kitu. Vidonda, matumbo yaliyopasuliwa, vichwa vilivyokwisha nywele, vyote nilivimeza.

Kisha ikawa zamu yako. Mwanao Asha alikuwa njiani kutoka Samburu alikoolewa, akafika umeshavikwa sanda. Kwa hiyo nilikuosha mimi, jirani mmoja akinimiminia maji. Nikaufikia ule mkono wako wa kushoto uliokuwa haunyooki. Siku zote ulituambia ulianguka kisimani. Nami nilikuwa nikikutania, ukikaa upande upande juu ya mbuzi kukuna nazi, kwamba unakaa kama bibi harusi anayepigwa picha. Ulikuwa ukicheka, jamani. Halafu nikakugeuza. Mgongoni kulikuwa na alama za chuma cha mkanda, za zamani, nyingine juu ya nyingine, mpaka chini. Jirani alitazama, akainamisha macho, akaendelea kumimina. Nikatia kafuri. Nilipotoka nje nikampa pole Mzee Bakari, mumeo, naye akanishukuru na kuniombea dua.

Nilinyamaza. Nilidhani nitaweza kunyamaza mpaka mwisho.

Miezi mitatu baada ya arubaini yako Asha alirudi nyumbani. Mkono ameufunga kwa mtandio, jicho moja halifunguki. Mumewe akatuma maneno kwamba Jumapili atakuja na wazee wake kumchukua, na Mzee Bakari akasema hayo ndiyo ya haki. Nikamfuata Asha jikoni kwako nimsaidie kupika, maana kwa mkono mmoja angefanya nini. Nikamwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akaniambia, "Da Riziki, mwenye kasoro ni mimi. Mama aliishi na Baba miaka yote ile na hakupigwa hata kofi. Mimi kuishi na mume kumenishinda."

Ningefanyaje, Bi Mwanatumu? Nakuuliza kweli, na nimekasirika. Ulimficha mtoto wako ili asimchukie baba yake, hilo nalielewa. Lakini kuficha kwako ndiko kulikokuwa kunamrudisha Samburu akapigwe tena. Niliacha kukuna nazi. Nikamwambia, "Mkono wa mama yako haukuvunjika kisimani." Nikamwambia na habari za mgongo wako. Akasema huenda ni kule kule kuanguka, nami nikamjibu kisimani hakuna mkanda. Wali ukaanza kunuka moshi, akauepua kwa ule mkono mmoja. Kisha akanigeuzia mgongo wake mwenyewe, akaniomba nimwonyeshe alama zako zilikuwa wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, moja moja. Mahali pengine kidole changu kiliangukia juu ya alama zake.

Jumamosi asubuhi tulikwenda hospitali. Muuguzi alifunga mlango, akauliza polepole, akaandika kila kitu. Asha akamwambia na lile ambalo hata mimi hakuwa ameniambia, kwamba mumewe humlazimisha hata akiwa mgonjwa. Walimpima, wakampa dawa, wakatueleza tuende polisi tukachukue fomu ya P3, ile daktari anayojaza majeraha. Kituoni askari alimwuliza alimkosea nini mumewe. Mimi damu ilinichemka, lakini Asha alimwambia tu, "Andika." Tukaulizia nyumba ya kuhifadhi wanawake, tukapewa namba, tukapiga, wakasema pamejaa. Basi akahamia kwangu, kile chumba tunachowekea mahindi.

Jumapili wazee walikaa, wa upande wa mumewe na wa kwetu. Nilimsindikiza Asha nikaketi nyuma yake. Mzee Bakari alizungumza kwa upole, unamjua alivyo mbele za watu. Akasema, "Mwanangu, mama yako alikuwa mvumilivu. Hakunitia aibu hata siku moja." Asha akainua kichwa akamwuliza, "Baba, mkono wa Mama uliuvunja kwa nini?"

Hakusema ni uongo, Bi Mwanatumu. Hakusema hata hasha. Aliuliza, "Nani amekwambia?" Na wazee wote wakanigeukia mimi, kwa sababu Munje nzima inajua nani alikuosha.

Asha hakurudi Samburu. Nisikudanganye kwamba mambo yamekwisha. Kesi imeahirishwa mara mbili, mumewe anatuma watu wa kubembeleza na watu wa kutisha, na kuna siku Asha hunitazama kama anayejuta kunisikiliza. Naogopa atachoka. Baba yake hasemi naye. Na mimi misiba miwili imepita hapa bila kuitwa, wakaleta mwoshaji kutoka Kinondo. Wanawake wanasema mimi ni mtungi unaovuja. Inaniuma sana, kwa sababu hii ndiyo kazi uliyoniachia.

Lakini wiki iliyopita, baada ya alasiri, alikuja mmoja wa hao hao walioacha kunisalimu. Alifunga mlango mwenyewe, akateremsha leso mabegani, akasema, "Wewe umezoea kuona. Basi nitazame sasa, ningali hai." Nilimshika kwa mkono mwepesi, nikaanza upande wa kulia. Kisha nikavaa buibui langu tukaenda hospitali.

Naomba radhi yako. Si kwa kumwambia Asha, kwa hilo ningesema tena leo. Naomba radhi kwa sababu nilikaa nawe miaka yote, nikala chakula chako, nikaucheka mkono wako, na sikukuuliza hata mara moja. Ungeweza kunifukuza. Ungeweza pia kunijibu. Sasa sitajua.

Amana sikuitoa yote. Alama zile nilizoziona mapajani mwako sikumwambia Asha, wala wazee, wala mtu yeyote. Hizo nitakaa nazo mpaka siku nitakayolazwa mimi kuoshwa.

Kwaheri, mwalimu wangu. Mola akupe huko upole ambao nyumbani mwako hukuupata. Nami nakuahidi hivi: nikimwona tena mwanamke amekaa upande upande juu ya mbuzi, sitamtania. Nitamwuliza.

Wako,
Riziki