Bomba la Mama la Kushikia

4 Februari

Mwanangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo kiasi, mgongo ndio unaonisumbua, kwa sababu unazozijua. Mama yako yuko vilevile tangu alipopooza: mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia anauburuza, mdomo umekaa upande ila maneno hayajapungua hata moja. Natumaini wewe huko ni mzima na kazi haikutoi roho.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatusemi kitu. Simu inakaa kwenye mto wake, sauti imefunguliwa yote. Nikisema nimechoka, siku nzima anakataa kuinuliwa, anajifanya hana haja ya choo. Basi ya simu yawe ya simu, na ya kweli nitayaandika.

Kaka yako alikuja juzi akatukuta mlangoni mwa choo, nimembeba mama yako, tumekwama, mbele hatuendi wala nyuma haturudi. Alitusaidia, akanywa maji, kisha akaniita nje. Anasema mwezi wa nane anakuja kumchukua akae kwake. Hana nia mbaya. Lakini nimeishi na huyu mama tangu sina ndevu, na kwa kaka yako hakuna chumba changu mimi. Nikamwambia anipe muda, nitafunga bomba la kushikia ukutani, kuanzia kitandani hadi chooni, mama yako aende mwenyewe. Akasema, "Haya baba, tutaona." Unamjua akisema tutaona.

Ndiyo maana nilikusumbua unitumie mashine ya kuchomelea kwa waya. Mabomba ni membamba, ile yangu ya vijiti inayatoboa. Imefika salama, asante sana mama. Ila ni ya bei ya chee na haijifichi. Klampu ya ethi, ile ya kubana chuma kinachochomelewa, ni bati tupu, inashika kwa kusitasita. Waya unajikunja ndani, unafanya kiota pale kwenye rola inayousukuma, na bunduki ya kuchomelea haitoi kitu. Ukitoka, cheche zinaruka kila upande na mshono unakaa juu ya chuma bila kuingia. Leo nimeifungua niitazame tumboni.

Baba yako

27 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua imenikuta mzima, ila nimechoka. Tumepewa zamu mbili wiki hii, viti vinatoka kwa fundi navipanga kwenye maboksi hadi vidole vinakufa ganzi. Nikifika chumbani nakaa kitandani na viatu vyangu, naviangalia tu. Mpe mama salamu zangu za simu, hizi nyingine ni zako.

Baba, funga hiyo mashine kwanza! Kapasita zake zinabaki na umeme hata ukichomoa waya ukutani. Usiingize mkono humo kama unatafuta funguo mfukoni.

Nimemuuliza fundi wa kuchomelea hapa kiwandani, tunamwita Mjomba Cheche. Akaniuliza, "Baba yako anatumia gesi?" Nikasema hana gesi, waya wake una dawa ndani. Akacheka sana. Akasema, "Basi huyo mzee ni mtu wa vijiti. Bunduki ameiweka kwenye chanya." Anasema watu wa vijiti wote hufanya hivyo, mkono umeshazoea. Waya wenye dawa unataka bunduki iwe kwenye hasi na ethi kwenye chanya. Kuna sehemu mbili ndani ya mlango wa mashine, unafungua nati, unabadilisha.

Nimekutumia kifurushi: klampu nzito ya shaba, rola yenye meno ya kushika waya bila kuubonda, na mrija mpya wa ndani ya kebo, unamopita waya. Kaka amenipigia. Aliongea vizuri kuhusu kumchukua mama. Baada ya simu nililia, sijui kwa nini, maana hajasema uongo.

Binti yako,
Kitinda

30 Machi

Mwanangu Kitinda,

Natumaini hujambo na zamu zimepungua. Sisi tunasukuma siku.

Mwambie huyo Mjomba Cheche nimemkasirikia, kisha mpe shukrani. Ni kweli, niliweka chanya. Miaka yote nimeweka chanya, hata nikiamshwa usingizini nitaweka chanya. Nilipobadilisha, mashine ikatulia kabisa, ikaanza kuunguruma kwa adabu.

Sasa huijui tena. Klampu yako nimeifunga na kebo nene niliyoitoa kwenye mashine yangu ya zamani. Rola nimeweka, mrija nimeubadilisha, nikaukata sawasawa usibanwe pale mbele. Kishikio cha gurudumu la waya kilikuwa plastiki, kinayumba, nimetengeneza cha chuma chenye springi. Feni ilikuwa imejaa vumbi la kiwanda, fikiria, mashine mpya! Nimeisafisha. Nimeiwekea na magurudumu manne ya kitanda kibovu, naivuta uani kama mbuzi. Mama yako anasema ningemhudumia yeye hivyo angekuwa anakimbia.

Lakini mwanangu, mshono bado. Waya unatoka vizuri, sauti nzuri, nikivua kofia ya kuchomelea naona nimechomelea vingine kabisa. Nadhani ni kioo cha kofia, kimekuwa cheusi mno. Au waya ni mbovu. Hawa watu wa bei ya chee hawaaminiki.

Nimechoka. Asubuhi namwinua mara tatu, mchana sijui, usiku ndiyo usiseme. Sio uchovu wa kulala ukaamka umepona.

Baba yako

19 Aprili

Baba,

Shikamoo, na pole na kila kitu. Nimekutumia waya mwingine, wa kampuni anayoiamini Mjomba Cheche, na ncha za shaba za mbele. Kofia pia: hii kioo chake kiko wazi, kinajitia giza chenyewe moto ukiwaka, kwa hiyo unaona pa kuanzia. Soma karatasi yake. Najua hutaisoma.

Nikiomba likizo sasa, nafasi yangu itachukuliwa kabla sijafunga begi. Nimefikiria kuacha. Nimefikiria sana, baba, kisha nikafikiria dawa za mama. Kwa hiyo mikono yangu ni hii, inafika kwa kifurushi. Fanya bomba hilo. Mama akiondoka hapo nyumbani sijui wewe utamwandalia nani chai, na sijui nikirudi nitarudi wapi.

Tafadhali ukishapata mshono mzuri wa kwanza, niambie siku hiyohiyo.

Kitinda

11 Juni

Mwanangu Kitinda,

Natumaini hujambo. Nisamehe kimya. Siku ile kwenye simu, mama yako amelala, nilikwambia nimenyanyua gunia vibaya. Hakukuwa na gunia.

Mwezi wa tano nilimaliza bomba la kwanza. Nilichomelea sahani za chuma kwenye ncha, nikapiga parafujo ukutani, nikapaka rangi nyeupe. Lilipendeza, hata mama yako alisema. Alitaka kusimama palepale. Nikamwambia ngoja, mimi kwanza. Nikaning'inia na uzito wangu wote. Likatoka. Sahani ilibaki ukutani na parafujo zake, safi kabisa, bomba likabaki mikononi mwangu nami niko sakafuni. Bega la kulia limeumia. Mama yako aliona nimeanguka, lakini bega nimemficha.

Kila usiku nakumbuka kwamba alitaka kusimama palepale.

Sasa namwinua kwa mkono mmoja na goti. Siku nyingine hatufiki kwa wakati, basi namwosha, na yeye anageuzia uso ukutani. Hilo ndilo linaloniua, kuliko mgongo, kuliko bega.

Mashine nimeifungua tena mara ngapi sijui. Nimekaza kila kitu, nimesugua kila kiungo cha waya hadi kinang'aa. Sioni kosa. Nakutumia kipande cha majaribio, bomba juu ya sahani, nilichochomelea jana kwa waya wako mpya. Mwonyeshe huyo mtu wako aniambie mashine ina nini. Mwezi wa nane uko mlangoni.

Baba yako

2 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Kipande kimefika. Nilipokishika nilifurahi kwanza, maana mshono ni mzuri, baba. Umelala vizuri, umeingia, una mawimbi yaleyale uliyokuwa unanionyesha nikiwa mdogo nikikushikia vyuma.

Mjomba Cheche alikigeuza kidogo tu. Akaniambia, "Mashine hii ni nzima. Tena imetengenezwa kuliko yetu." Kisha akaniwekea kidole nione. Mshono wako umepita pembeni ya kiungo. Umechomelea sahani yenyewe kwa yenyewe. Bomba umeligusa upande mmoja tu, kwingine limekaa wazi, unaweza kuingiza ukucha. Akaniuliza taratibu, "Mzee anaona?"

Nilimkatalia. Nilimwambia baba yangu anaona sindano kwenye mchanga. Halafu nikarudi chumbani nikazitoa barua zako zote, nikaangalia mistari inavyopanda na kushuka.

Baba, sio kioo, sio waya, sio mashine. Ni macho yako. Umeitengeneza mashine yote, umefika mwisho, hakuna kilichobaki cha kutengeneza humo. Naogopa kukuandikia hivi, nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Lakini naogopa zaidi mama ashike bomba jingine kabla hujaanguka wewe kwanza. Usimfungie bomba lolote. Mwambie kaka kuhusu macho, mwambie na kuhusu bega.

Usinikasirikie. Au nikasirikie, ila nijibu.

Kitinda wako

29 Julai

Baba,

Shikamoo. Jumapili kwenye simu uliniambia, "Tuko salama, hakuna jipya," mama akakohoa, simu ikakatwa. Naomba jibu, hata mstari mmoja. Kama kaka ameshamchukua mama, niambie tu. Nimechoka kukisia.

Kitinda

23 Agosti

Mwanangu Kitinda,

Salamu sana. Nimeandika kwa kalamu nene, kwa hiyo karatasi zitakuwa nyingi, vumilia.

Barua yako ya mwanzo wa Julai ilifika mapema. Zile nyingine nilizisoma kwa kubahatisha, nikikwama namalizia mwenyewe kichwani. Hii hata kubahatisha kulishindikana. Nilikaa nayo mfukoni siku kadhaa, naitoa dirishani, naisogeza, naipeleka mbali, maneno yanaogelea. Nikadhani ni habari za mashine. Basi nikampa mama yako anisomee.

Akaisoma yote kwa sauti. Alipofika pale pa macho alirudia. Alipofika pale pa bega aliiweka chini akaniita majina ambayo sijayasikia tangu tulipokuwa vijana. Wiki nzima alinisemesha kwa ishara tu, na mimi sikuwa na uso wa kukuandikia. Nilikuwa na hasira na wewe. Mtu amechomelea maisha yake yote, halafu anaambiwa hajui kiungo kiko wapi. Nikatoka nikachomelea kipande kingine ili nikuaibishe, nikakipapasa kwa kidole kikiwa kimepoa. Ulikuwa unasema kweli. Nilikaa chini pale uani nikalia, mwanangu, sina haja ya kuficha.

Mama yako aliniona dirishani. Akagonga kioo. Nilipoingia akasema, "Nipeleke nje. Na lete hiyo kofia yako ya zamani."

Nikamweka kwenye kiti, nikamvika kofia, nikamsogeza hadi magoti yake yanagusa kazi. Mkono wake mzima nikampa fimbo. Akawa anaangalia yeye. Akinigusa upande wa kushoto, nasogea kushoto. Akinigusa kulia, narudi. Akinipiga mgongoni, naacha. Alinipiga mgongoni sana! Siku ya kwanza tuliharibu kila tulichogusa, akasema nina mkono wa mlevi. Siku ya pili akaanza kunielekeza kabla sijakosea. Anapenda, mwanangu. Yule aliyekuwa anafunga madirisha kwa sababu ya moshi wangu, sasa ananiuliza mbona nimechelewa kuwasha.

Kila mshono tuliufanya hivyo. Kipande kimoja tulikitoa sadaka: nilikibana kwenye jiliwa nikakipiga nyundo hadi bomba lenyewe likapinda, mshono ukabaki. Ndipo nikafunga ukutani, kwa parafujo ndefu, moja moja, naye ananiambia imenyooka au haijanyooka.

Kaka yako alikuja jana na gari, nyuma ameweka godoro la kumlaza mama yako. Nikamwambia kabla ya yote, ning'inia hapo. Akasema, "Baba, sijaja kucheza." Nikamwambia kama ni kumchukua mama yako utamchukua, ila ning'inia kwanza. Unazijua kilo zake. Aling'inia, akainua miguu, akajitikisa na suti yake. Halikulia hata kidogo. Akashuka, akalipapasa pale penye mishono. Nikamweleza habari za macho na za bega mwenyewe, kama ulivyotaka. Jumatatu ananipeleka kwa daktari. Nimekubali, yaani mama yako amekubali, mimi nimeambiwa.

Kisha mama yako akasema tusimshike. Akatoa mguu mmoja kitandani, akatoa wa pili kwa kuuvuta, akalishika bomba. Kaka yako alikuwa nyuma yake mikono wazi, nikamrudisha kwa kola. Mama yako alienda polepole sana. Katikati alisimama akapumua, nikadhani atageuka. Hakugeuka. Akaingia chooni, akausukuma mlango, tukasikia komeo.

Tulibaki tumesimama pale. Alikaa, akakaa. Kaka yako akashindwa kuvumilia, akaita, "Mama, uko salama?"

Akajibu kutoka ndani, "Niacheni. Nimechoka kuangaliwa."

Tukatoka nje, mimi na kaka yako, tukaenda kulitoa godoro kwenye gari.

Baba yako